Kamati Yangu na Fomu ya Liliane

Jumatatu, 1 Desemba 2025

Sijamwambia mtu: Kamati ya Wazazi ya Usajili wa Wanasoka, Kiruruma, ni mimi. Mwenyekiti mimi, katibu mimi. Mzazi hata mmoja hayumo. Nimemaliza kidato cha nne juzi tu, na kusema mbele ya watu siwezi. Kuandika naweza.

Kisa ni fomu. Kila mwaka kocha wa chuo huja kutazama mechi za sekondari, kisha huwasainisha wachezaji juu ya boneti ya gari, jasho halijakauka. Mwaka jana Stephania alisaini hivyo. Akaumia goti, akarudishwa nyumbani. Kumbe fomu ilisema chuo kinamlipia ada anayecheza tu. Hakuna aliyeisoma. Sasa ni zamu ya rafiki yangu Liliane, mshambuliaji, ambaye anasema atasaini hata kwenye jani la mgomba.

Nimemwandikia kocha huyo, Egbert, barua. Sheria tatu: afike nyumbani kwa mchezaji, aje na mzee wa kumtambulisha, fomu ibaki kwa familia siku saba.

Jumatano, 3 Desemba

Kocha amejibu kwa ujumbe wa simu. Amekubali yote. Anaomba kuonana na mwenyekiti. Nimemjibu kwamba mwenyekiti yuko safarini Mabira.

Jumamosi, 6 Desemba

Sheria zimefuatwa vizuri mno. Kocha kafika kwa akina Liliane na suti, kreti ya soda, na Mzee Placidius, aliyekuwa mshenga wa nusu ya ndoa za kata hii. Sisi wawili tulikuwa uani tunapepeta maharage.

Bibi Nyirabageni, bibi yake Liliane, alimtazama kocha toka kichwani hadi viatuni, akauliza kama kwao wana ng'ombe. Kocha akasema chuo hakifugi, ila kina uwanja wa nyasi. Bibi akasema nyasi bila ng'ombe ni uvivu. Mzee Polikarpi, baba yake Liliane, akasema binti hajapata hata matokeo. Placidius akamtuliza: wanamtaka kwa miaka mitatu tu. Hapo bibi akashika fimbo.

Sentensi moja yangu ingetosha. Nilisimama. Nikasema shikamoo. Nikakaa.

Wageni wameondoka na kreti yao. Fomu imebaki kwenye kigoda. Liliane hakula.

Jumapili, 7 Desemba

Baada ya ibada Liliane kaniletea fomu, macho mekundu. Akasema wewe mpenda kusoma, nisomee nijue nimekosa nini. Tumekaa kwenye mibuni. Kipengele cha tisa: akiumia, ada juu yake. Akasema jina la Stephania, basi. Akachukua kalamu, akakifuta, akaandika pembeni kwamba akiumia ataendelea kusoma, chuo kikimlipia ada. Kisha akaenda kumweleza baba yake mwenyewe. Mzee akasema kumbe ni mpira, si mngesema. Akasaini.

Jumamosi, 13 Desemba

Kocha ameifuata fomu, akapiga simu chuoni mbele yetu. Wamekubali, kwa Liliane peke yake. Fomu za wengine zinabaki zilivyo.

Nimewaza wiki nzima ni nini kilichosaidia. Ni barua. Leo nimeandika nyingine, ya wilaya nzima ya Kyerwa, na kuongeza sheria ya nne ili usajili uwe na heshima zaidi: kocha aje pia na shangazi yake, na kitenge cha bibi.

Liliane anataka kumshukuru mwenyekiti. Nimemwambia bado yuko Mabira. Wewe uliyefika ukurasa huu, tafadhali, usimwambie vingine.