Umeme wa Kichwa cha Mzee Mkavu

Samsoni, ambaye kijiwe cha Ikolo kilishambatiza jina la Tabo, alifika kwenye benchi la kahawa la Keziya na gazeti la wiki iliyopita, akalikung'uta kama karani wa mahakama.

"Sikilizeni. Madaktari wa Ulaya wamewafunga watu nyaya kichwani, wakawakalisha kimya, macho wamefumba, hawafanyi lolote. Kumbe ubongo hata ukipumzika una umeme. Wa kijana unapiga mawimbi kumi kwa sekunde. Wa mzee unashuka: tisa, mara nane."

"Nane si haba," akasema Keziya, akimimina kahawa. "Wewe hata kuoga hufikishi nane kwa mwezi."

Hebroni, aliyekaa mwisho wa benchi, alijua gazeti limeletwa kwa ajili yake. Miaka ishirini alikuwa mpimaji wa ushirika, wa kujua kakao iliyokauka na isiyokauka, hadi wakamwita Mzee Mkavu. Sasa soko huria limeingia, ushirika umefunga mlango, na mnunuzi binafsi kutoka Dar alikuwa anakuja asubuhi hiyo kuchukua mpimaji mmoja tu, yeye au Tabo. Kusema kweli aliogopa. Juzi tu alimwita mjukuu wake kwa jina la mbuzi. Akafumba macho, akatega sikio kama atausikia huo umeme.

"Mnaona? Nane hiyo," Tabo akanong'ona. "Tena nane ya kusukuma."

Gari likasimama. Akashuka kijana wa suruali ya pasi, akauliza wapimaji wako wapi.

"Mmoja mimi, bosi. Mwingine yule pale, ila amelala. Ngoja nimuulize mbele yako." Tabo akainama kwa adabu zote. "Mugonile, taata?"

"Ngonile," Hebroni akaitikia, macho kayafumba vilevile.

"Umesikia? Nimemuuliza, 'Mmelala, baba?' Kajibu mwenyewe, 'Nimelala.'"

Keziya alicheka hadi kahawa ikamwagika. "Bosi, usidanganywe. Hiyo ni salamu yetu Wanyakyusa. Hata aliyekesha msibani anajibu hivyohivyo."

Mnunuzi hakujua amwamini nani. Akanyoosha kidole kwenye gunia la kakao lililokuwa karibu. "Basi pimeni lile." Tabo, mwenye gunia, akajificha nyuma ya gazeti lake.

Keziya akalifungua, akauongoza mkono wa mzee hadi ndani. Hebroni akachota konzi moja ya juu na moja ya ndani, akaziminya karibu na sikio. Kakao kavu hulia ikiminywa. Ya juu ililia, ya ndani ikanyamaza.

"Juu imepangwa kavu," akasema. "Chini kuna maji."

Mnunuzi akazamisha mkono hadi kwenye kiwiko, akatoa punje zenye ukungu. Akazitazama, kisha akamtazama mzee.

"Unaanza Jumatatu. Lakini niambie, kwa nini hukufumbua macho?"

"Ningefumbua," akasema Hebroni, "ningeona gunia ni la nani, nikamwonea haya."