Koti la Mkurugenzi Liko Kazini

"Kwa furaha isiyo kifani, umma unatangaziwa kwamba utoto sasa umepata makao rasmi!"

Mkurugenzi wa Makuzi ya Awali aliisoma sentensi hiyo mbele ya kioo cha msalani, akajipigia makofi. Alistahili. Wataalamu walikwisha kuthibitisha kwamba anayoyaona mtoto akiwa mdogo humjenga maisha yake yote. Yeye peke yake ndiye aliyepata ujasiri wa kuuliza: sasa kwenye mchanga wanaona nini?

Basi chekechea ya wizara ikahamishwa kutoka uani, penye bembea na matope, ikapandishwa ghorofa ya tatu, mkabala na ofisi yake, ili watoto wapate mazingira wezeshi ya kushuhudia utumishi uliotukuka. Mjukuu wake, Kidoti, aliangua kilio.

"Babu, tutacheza wapi?"

"Hapa hamchezi, mama. Hapa mnajengwa."

Kisha akalitundika koti lake jeusi kwenye kiti, kama kawaida yake, akatoka kwenda kunywa kahawa na kurudi jioni. Koti likabaki likichapa kazi.

Kiti cha Katibu Mkuu kilikuwa wazi, na Mkurugenzi alikitamani hadi akakosa usingizi. Waziri aliposema atakuja kujionea chekechea, alijua mambo yameiva.

"Mheshimiwa, hatukuwafundisha hata neno moja," alijigamba siku ya ziara. "Wametazama tu."

Watoto wakapanga meza, wakaanza kuigiza ofisi. Mmoja akalaza kichwa mezani, akakoroma. Kidoti akavua kisweta chake, akakitundika kwenye kiti, akaondoka zake kwa maringo.

Waziri, mama mwenye sauti ya upole, akamwinamia mtoto aliyebaki macho. "Namtafuta mwenye kiti hiki."

"Yupo. Nguo yake si unaiona?"

"Atarudi saa ngapi?"

Mtoto akapiga mwayo. "Njoo kesho."

Waziri hakucheka. Aliingia ofisini mwa Mkurugenzi, akalitazama koti, akalishika mabega, akalipangusa vumbi.

Kesho yake tangazo likatoka. Kwa furaha isiyo kifani, umma ulitangaziwa kwamba, baada ya kuzingatia mahudhurio, koti jeusi limeteuliwa kuwa Katibu Mkuu. Chekechea irudi uani mara moja. Aliyekuwa akilivaa koti hilo amehamishiwa kitengo cha bembea.

Watumishi walipanga foleni kulipongeza koti. Wengine walitoka wakisifu kwamba bosi mpya anasikiliza.

Mkurugenzi wa zamani alishuka ngazi na shati tupu, roho ikimuuma. Uani, Kidoti alikuwa amekwisha kukaa kwenye bembea, miguu imejaa matope. Alimkagua babu yake juu mpaka chini.

"Babu! Leo umekuja mwenyewe?"

"Nimekuja mwenyewe, mama."

"Na koti je?"

"Koti liko kikaoni."

"Haya," alisema Kidoti, akishika kamba vizuri. "Sukuma."