Kaya ya Bibi Limi

Jumatatu, 2 Juni 2025. Katoro.

Ngiri imetoka tena. Nilikuwa nanyanyua kiroba cha mawe kwenye duara, shimo letu la dhahabu. Paap! Nikakaa chini kama mjamzito. Daktari kasema lazima nipasuliwe ndani ya mwezi huu, ikijinyonga huko ndani nitakufa. Kuuza pikipiki nipasuliwe? Sithubutu.

Jirani yangu Januari ana kadi ya msamaha wa matibabu. Kaya isiyo na uwezo, wote wanatibiwa bure. Anaivaa shingoni hadi sokoni! Nimemchunguza. Anaishi na mama yake, mzee kipofu. Mimi sina mzee. Hapo tu ndipo aliponizidi.

Alhamisi, 5 Juni.

Nimejaza fomu. Mkuu wa kaya: Limi, bibi mzaa baba, miaka 91, hajiwezi. Yote kweli, isipokuwa alizikwa Mhunze miaka kumi na moja iliyopita. Mimi sikwenda. Wiki ile duara lilikuwa limetema, na nani anaacha dhahabu aende matanga? Ndiye aliyenilea, lakini angeelewa.

Fomu ilitaka dole gumba lake. Nikaweka langu la mguu. Mikunjo kama ya ajuza kabisa. Akili ni nywele!

Mke wangu, Mama Sesilia, kakasirika. Anasema kwetu Wasukuma marehemu haitwi kwenye shida za walio hai bila kumwagiwa pombe kidogo na kuombwa kwa heshima. Nikamwambia hii ni fomu, siyo tambiko.

Jumanne, 10 Juni.

Ofisa wa ustawi wa jamii, dada anaitwa Ritha, atakuja Alhamisi kuhakiki. Nimeficha televisheni na pikipiki kwa Januari. Kakubali, ila kwanza kanihubiria uaminifu nusu saa. Mnafiki! Mama Amosi, muuza dagaa, atakuwa Bibi. Kazi yake ni kujifunika blanketi na kukohoa.

Dole la mguu limekuwa baridi tangu nilipolipaka wino. Nimelisugua kwa mafuta ya taa, wino hautoki.

Jumatano, 11 Juni.

Balaa! Ritha kaja leo, siku moja kabla. Mimi niko Runzewe kwa muuza mizizi, mke yuko shamba, watoto shule. Mlango nilifunga kufuli mwenyewe. Nikasema basi, ng'ombe wa maskini hazai.

Nikampigia kuomba radhi. Akashangaa, radhi ya nini? Bibi kampokea vizuri mno. Kamkuta sebuleni, kaitikia shikamoo yake, kisha kamfundisha kuamkia kwa mwangaluka kama Msukuma. Kampa kigoda akae. Wameongea saa nzima, na picha kapigwa. Kumbukumbu anazo, kasema Ritha, kuliko sisi vijana.

Nikakimbia kumshukuru Mama Amosi. Hajatoka gengeni tangu asubuhi. Soko zima ni shahidi. Nikaenda nyumbani. Kufuli liko vilevile. Nikafungua. Kigoda kipo katikati ya sebule. Sisi hatuna kigoda.

Jumatatu, 16 Juni.

Siku tano nimeogopa, naandika wazi. Mke kachukua watoto, kahamia kwa dada yake. Nalala na taa.

Ila leo nimeitwa ofisini. Tumekubaliwa! Woga ukaisha palepale. Kadi ninayo. Kwenye picha ni Bibi. Siyo mtu anayefanana naye. Ni Bibi, na lile jino lake lililovunjika, na shanga nyeupe nisizozijua. Nikampigia baba mdogo Mabula, kule Mhunze. Akasema shanga nyeupe alimvisha yeye, siku ya kumzika. Kaniagiza niende kaburini na mbuzi na pombe, nipige magoti, niombe msamaha kabla ya jambo lolote. Nikamwambia nikishapona.

Nimepita kwa Januari mara tatu, kadi shingoni. Ya kwake kaiingiza ndani ya shati. Raha!

Ijumaa, 20 Juni.

Hospitali. Maumivu hayasemeki. Karani wa dirishani kaingiza namba ya kadi, kanitazama, kaitazama kompyuta. Kaniuliza huyo Boaz ni nani wangu. Nikasema ni mimi. Akasema pole, kaya hii ina Bibi Limi, Mama Sesilia na watoto wawili, wote bure. Boaz ni marehemu.

Nikampigia Ritha. Akafungua daftari lake, akanisomea. Bibi aliulizwa habari za mjukuu wake Boaz. Akajibu kwamba huyo bila shaka alikufa, maana angekuwa hai angekuja msibani. Ritha hakuuliza msiba wa nani. Aliandika kama alivyoambiwa.

Kurekebisha ni rahisi, eti. Mkuu wa kaya afike ofisini mwenyewe, athibitishe kwamba nipo hai. Mwakilishi hakubaliwi.

Nililia palepale dirishani, mtu mzima, mbele ya foleni nzima.

Jumatatu, 23 Juni.

Baba mdogo kapiga. Mbuzi yupo, pombe imepikwa, ukoo unanisubiri. Nikiomba msamaha tu yataisha, na yeye mwenyewe atauza ng'ombe mmoja nipasuliwe. Kanibembeleza hadi sauti ikakatika.

Nimefikiri sana. Nipige magoti mbele ya ukoo mzima? Habari itafika kwa Januari kabla sijainuka. Na njia fupi ipo! Fomu ya marekebisho inaruhusu kubadili mkuu wa kaya. Nimemwandika Babu, mume wa Bibi. Alikufa mimi sijazaliwa, kwa hiyo hana kinyongo nami. Wanasema alikuwa mkali, mtu wa desturi, Bibi hakuwahi kumpinga. Ndiye ninayemtaka.

Jumatano, 25 Juni. Alasiri.

Imejibu! Ritha kapiga sasa hivi. Kampitia Babu mchana, nilipokuwa dukani kununua dawa ya maumivu. Mzee mwenye nguvu, kasema, hana maneno mengi. Kamsomea majina ya kaya. Alipofika kwenye Boaz, marehemu, Babu kamkatiza. Kauliza kwa nini mjukuu wake kafa na hajazikwa. Aibu gani hii kwa ukoo? Kasema waliobaki wasihangaike, atalisimamia mwenyewe.

Atalisimamia! Hilo ndilo neno nililokuwa nalisubiri mwezi mzima.

Na si mzee wa kukaa bure. Nasikia jembe huko uani tangu nirudi, linapiga taratibu, halipumziki. Sijui analima nini kiangazi hiki. Nikimaliza kuandika nitatoka nikamwamkie, nimshukuru.