Suti Iliyoomba Viza Mara Kumi na Saba

Katika mtaa wetu kuna suti moja ambayo imeomba viza mara kumi na saba. Maofisa wameipiga picha, wameihoji, wameikatalia na wameikubalia. Kuna mawaziri wa mambo ya nje wasioweza kujisifu hivyo!

Mwenye suti ni fundi cherehani tunayemwita Balozi. Mimi ni fundi viatu. Tunagawana kibaraza kimoja, yeye upande wa kivuli na mimi upande wa jua, kwa sababu yeye ndiye aliyegawa. Suti hiyo aliishona kwa ajili ya mteja mmoja mnene sana, ambaye alilipa nusu, kisha akapotea. Ni ya bluu, ina mistari myeupe, na inaendana na tai nyekundu yenye madoa ya njano. Mfukoni kuna kalamu ya rangi ya dhahabu isiyoandika, imeshonewa hapohapo isiibiwe.

Kila mwenye mahojiano ya viza alikuja kuikodi. Kwa kuwa suti ni pana kama turubai, Balozi alimbana mteja kwa pini mgongoni hadi mbele ikamkaa sawasawa. Sharti lilikuwa moja tu.

"Usimgeuzie ofisa mgongo! Ukimaliza, rudi kinyumenyume mpaka mlangoni, huku unatabasamu."

Na watu wazima, wenye wake na watoto, walirudi kinyumenyume! Viatu niliwakodisha mimi. Sikatai, nami nina tumbo.

"Viza haitaki elimu, jirani," Balozi aliniambia kila siku. "Viza inataka mabega. Ofisa akiona mabega, mkono wake unatafuta muhuri wenyewe!"

Mwenyewe hakuwahi kuomba viza hata ya kwenda kijiji cha pili. Lakini kwa maneno alikuwa ameshazunguka dunia na kurudi.

Sasa, binti wa pekee wa Balozi na mkewe aliolewa ng'ambo. Akapata mimba ya kwanza, na daktari akamwambia atajifungua kwa upasuaji. Mumewe anafanya kazi kwa zamu, hana mama wala dada wa karibu. Binti akapiga simu analia.

"Mama, njoo. Tiketi zenu nitalipa mimi, nyinyi lipieni viza tu. Siwezi peke yangu."

Shemeji, yaani mke wa Balozi, ni mwanamke wa maneno machache. Yeye ndiye anayeshona vifungo na pindo, mumewe anashona sifa. Siku ile alisema neno moja: "Nakuja." Wakaweka akiba miezi minne mizima, ada za watu wawili, mpaka ikatimia.

Siku waliyokwenda kulipa, mwenye duka la intaneti aliitazama kompyuta, akakuna kichwa.

"Mzee, zimepanda tangu Jumatatu."

"Zimepanda zipi?"

"Ada ya maombi imepanda. Ada ya alama za vidole imepanda. Ada ya kutumiwa ujumbe kwamba ada imepokelewa, hiyo ni mpya. Na kuna ada ya kusubiri kwenye kiti chenye mto, lakini hiyo si lazima."

Fedha za watu wawili zikawa za mtu mmoja na chenji kidogo! Shemeji aliketi kwenye benchi la duka akaufunika uso kwa mtandio. Nilikuwepo, na nilimwonea huruma kweli.

"Basi niende mimi," alisema. "Mtoto ananiita mimi. Nani atamwogesha mjukuu?"

Balozi akakohoa kama mgeni rasmi anayetaka kufungua mkutano.

"Mke wangu, hebu tutumie akili. Fedha ya mtu mmoja haichezewi. Ukienda wewe, ukaulizwa swali moja tu ukababaika, imekwenda na maji! Hii kazi inataka mtaalamu. Nimewavusha watu kumi na sita mimi!"

"Umewavalisha," shemeji alisema.

"Ni kitu kilekile! Nikishafika kule nitakuombea na wewe, kutokea ndani."

Nilitaka kumwambia kwamba upasuaji hauhitaji mabega. Lakini anayekaa juani kwa hisani ya jirani huchagua maneno. Shemeji alinyanyuka akaenda zake. Balozi akajaza fomu. Penye kazi akaandika: Mkurugenzi Mkuu. Na ile chenji iliyobaki, iliyotosha kununua nepi za mwezi mzima, akailipia kiti chenye mto!

Siku ya mahojiano alibanwa pini kumi na nne mgongoni, maana Balozi mwenyewe ni mwembamba kama sindano yake. Yaliyotokea ndani nilisimuliwa jioni na mwalimu aliyekuwa nyuma yake kwenye foleni, alipokuja kunirudishia viatu. Ofisa anakaa nyuma ya kioo na anaongea kwa kipaza sauti, kwa hiyo ukumbi mzima ulisikia.

Ofisa alikuwa mama wa makamo, mwenye miwani. Aliitazama suti kabla ya kumtazama mtu.

"Kazi yako?"

"Mkurugenzi Mkuu, kampuni ya mavazi."

"Suti hii ni yako?"

"Yangu, mheshimiwa! Imeshonwa kwa vipimo vya mwili wangu."

"Geuka kidogo."

Balozi akatabasamu. Akaanza kurudi kinyumenyume.

"Sijakuambia uondoke. Nimesema geuka."

Akageuka. Watu ukumbini wakaziona pini zote kumi na nne zikimetameta kama mgongo wa nungunungu. Mwalimu, ambaye yeye aliikosa suti kwa sababu Balozi ameivaa, anasema alimshukuru Mungu papo hapo.

Ofisa akageuza kompyuta yake ielekee kwenye kioo. Picha kumi na sita! Vichwa kumi na sita, suti moja, tai moja, kalamu moja.

"Huyu alisema ni daktari wa mifugo," alisema ofisa. "Huyu mwenye duka la simu. Huyu mfugaji wa nyuki. Na wote, wakimaliza, wanaondoka kinyumenyume. Kwa miaka mitatu nilidhani ni heshima ya kwenu. Nieleze."

Hapo ndipo mtu mwenye busara angesema ukweli: mimi ni fundi, nakodisha suti, binti yangu anajifungua. Si kosa kukodisha suti. Lakini Balozi kusema ukweli ni kama paka kuogelea. Anaweza, ila hataki.

"Sare!" alijibu. "Ni sare ya kampuni, mheshimiwa!"

"Kwa hiyo hawa wote ni wafanyakazi wako?"

"Wote! Nawalipa mwenyewe kila mwisho wa mwezi!"

"Vizuri sana." Ofisa akavuta karatasi na kalamu inayoandika. "Kati yao, saba viza zao zimekwisha na hawajarudi. Tumewatafuta sana. Mwajiri, wako wapi?"

Njia ya mwongo ni fupi, na ya Balozi iliishia pale kwenye kioo.

"Hao... nimewaachisha kazi."

"Lini?"

"Sasa hivi."

Ukumbi uliangua kicheko mpaka mlinzi akaja kutazama. Ofisa akagonga muhuri, lakini si ule ambao mkono wake ulipaswa kuutafuta.

"Mheshimiwa," Balozi alisema kwa sauti ndogo, "na ada yangu?"

"Ada ni ya kuomba. Umeomba."

Alirudi nyumbani kwa miguu. Kwa mara ya kwanza nilimwona akikaa upande wangu wa jua bila kulalamika. Shemeji hakupiga kelele. Kesho yake asubuhi aliiuza cherehani ya umeme, ile ambayo Balozi hakuruhusu mtu aiguse, akaenda dukani akalipa ada yake mwenyewe. Ilikuwa imepanda tena kidogo! Balozi alifumbua mdomo, shemeji akamtazama, naye akaufumba.

Akaenda na gauni lake la kila siku, kitambaa kichwani na barua ya hospitali mkononi. Akakaa kwenye kiti cha chuma. Dirisha lilikuwa lilelile na ofisa alikuwa yuleyule. Haya aliyasimulia mwenyewe, na shemeji hana tabia ya kutia chumvi.

"Unakwenda kufanya nini?"

"Kumwogesha mjukuu, na kumpikia mama yake mpaka kidonda kipone."

"Kwa muda gani?"

"Miezi miwili."

"Wengi husema hivyo. Una sababu gani ya kurudi?"

"Nimemwacha mume."

"Wengi wamewaacha waume."

"Wangu ukimwacha miezi mitatu, utakuta ameuza nyumba ajengee watu ukumbi wa kusubiri viza."

Ofisa akasoma jina la mume kwenye fomu. Akabofya kompyuta. Akavua miwani.

"Mama, huyu wa pini?"

"Ndiye huyo."

Ofisa akampa pole, kisha akagonga muhuri, na safari hii ulikuwa ule mzuri.

"Utarudi," alisema. "Huyu hawezi kuachwa."

Shemeji alifika siku mbili kabla ya upasuaji. Mtoto ni wa kike, mzima, na anaogeshwa na bibi yake. Kibarazani, watu wanamcheka Balozi kuanzia asubuhi mpaka jioni, naye anainua kichwa kutoka kwenye cherehani ya mkono na kutujibu:

"Semeni mtakavyo! Viza ya mke wangu imetoka kwa sababu yangu!"

Hakuna anayembishia. Tangu nimfahamu, hilo ndilo neno lake la kwanza la kweli.