Kapu la Sunta ni Sababu ya Sita

Redio alifika klabuni akihema, simu imetangulia mbele kama karai la sadaka. Jina lake ni Zaren, lakini kwenye benchi la klabu ya bendi, kule chini Valletta mtaa unakoporomokea baharini, jina la ubatizo linangojea tangazo la msiba.

"Tumeandikwa! Gazeti la nje, la kung'aa. 'Sababu Kumi na Mbili za Kuuzuru Mji wa Valletta.'"

"Kumi na mbili tu?" akauliza Askofu, mwenyekiti wa klabu, aliyeitwa hivyo kwa kuwa hubariki pande zote mbili za kila ugomvi.

"Ya kwanza, jua."

"Jua!" Mgomo alidakia. "Jua hilohilo limenichoma miaka thelathini na moja pale chelezoni, juu ya mabati ya meli. Hakuna mgeni aliyekuja kunipiga picha."

"Ya pili, utulivu."

Hapo hata Askofu alipaliwa na chai. Alfajiri ileile fataki za sikukuu ya parokia ya jirani zilikuwa zimewaangusha vitandani watu wa mitaa mitatu.

"Huyo mwandishi alikuja na pamba masikioni," Mgomo akasema, akiendelea kusugua goti.

Goti hilo ndilo lililokuwa likimnyima usingizi, si fataki. Tangu Aprili, Wistin Mgomo, mtu wa miaka sabini na sita, alikuwa akipanda ghorofa nne kila asubuhi kumpelekea dada yake Sunta mkate na dawa. Sunta aliishi nyumba inayotazamana na klabu, na miguu yake ilishaachana na ngazi miaka tisa. Zamani alikuwa akishusha kapu kwa kamba kutoka roshani yake ya kijani. Mwoka mikate anatia mkate, mfamasia anatia dawa, kapu linapaa. Kisha mkahawa wa chini ukatandaza miavuli sita mtaani, mikubwa kama matanga, imeungana kingo. Kapu likakosa pa kupita. Na Jumapili mtoto wa Sunta alipiga simu kutoka Melbourne: mjomba akishindwa ngazi, mwezi ukiisha mama anakwenda kwa masista, kwenye nyumba ya wazee. Sunta alijibu kwamba nyumbani kwake atatoka akiwa amelala, miguu mbele.

"Ya tano, watu wakarimu," Redio aliendelea, akamtupia jicho Mgomo, akairuka haraka. "Ya sita... Mama yangu! 'Nenda mtaa wa chini asubuhi, umwone bikizee akishusha kapu lake kwa kamba, kama walivyofanya mababu.' Na picha hii. Mgomo, si dada yako huyu?"

Mgomo aliishika simu, akaisogeza mbali, akaileta karibu.

"Picha ya mwaka juzi. Miavuli iko wapi?"

"Hawakuiweka. Inaharibu sura."

"Inaharibu sura! Mimi imeniharibu goti!"

Wote watatu wakatazama ng'ambo. Chini ya miavuli wageni walikuwa wamejaa, kila mmoja na simu yake, wakikodolea turubai juu ya vichwa vyao.

"Wale wanatafuta nini?" akauliza Askofu.

"Sababu ya sita," Redio akasema.

"Si wameikalia!"

"Ndiyo mambo yao hayo," Mgomo akafoka. "Wanamziba mtu mdomo, halafu wanauza tiketi za kuja kusikiliza anavyoimba. Askofu, leo unaandika barua kwa baraza la mji. Na muhuri wa klabu juu yake."

"Taratibu, ndugu yangu. Yule jamaa wa mkahawa ndiye aliyetulipia fataki za sikukuu yetu."

"Kwa hiyo dada yangu ale fataki?"

"Sijasema hivyo. Na wewe una haki, na yeye ana haki..."

"Wewe ulisema hivihivi mwaka sabini na tisa, mwezi Machi, siku ya mvua, wenzetu walipofukuzwa kazi. Nakumbuka hadi koti ulilovaa. La kuazima."

"Barua si umeshaandika, Mgomo?" Redio akaingilia kati, maana koti lile lilikuwa kidonda cha zamani.

"Kumi na moja. Wamejibu moja. Wamenishukuru kwa kupenda utalii."

Meneja wa mkahawa alikuwa ameshavuka mtaa, kijana mwenye aproni safi na tabasamu la kukodi.

"Wazee wangu! Mmeona gazeti? Wageni wananiuliza kapu tangu asubuhi. Nimewaza hivi: saa tano kamili nafunga mwavuli wa kati, robo saa. Bibi anashusha kapu, watu wanapiga picha, tunafungua. Kila mtu anafurahi."

"Dada yangu anakunywa chai saa moja," Mgomo akasema.

"Saa moja wageni wamelala, mzee."

"Na mkate wake nao ulale?"

"Kama atachoka, hakuna tabu. Nitafunga kapu la mota. Nimeshapata na mkate wa plastiki. Hauchachi."

Mgomo alisimama, goti likalia, hakulisikia. Askofu akainua mikono miwili kama anayetaka kubariki maji.

"Wistin!" Sauti ilitoka juu, roshanini. Mtaa wenyewe ni mwembamba. Ukipiga chafya benchini, ghorofa ya nne wanakuombea afya. "Mwambie nimekubali!"

"Dada! Unanisaliti mbele za watu?"

"Kaa chini, utaanguka! Saa tano. Afunge hilo libaibui lake."

Mgomo alikaa. Hakugusa chai. Aliwaza masista, aliwaza mkate wa plastiki, akamwona dada yake amekuwa kinyago cha kuonyeshwa, na mshenga ni yeye mwenyewe.

Saa tano mwavuli wa kati ukafungwa. Wageni walisimama, simu juu. Kapu likateremka polepole, likafika usawa wa vifua vyao, likasimama. Wakapiga picha. Likaendelea kusimama.

"Pandisha, bibi!" meneja akaita kwa upole.

Halikupanda. Mama mmoja mgeni alichungulia ndani, akamuuliza meneja mbona kapu ni tupu. Mwingine akauliza kama bibi ana njaa. Meneja akaanza kuiva masikio.

"Haliendi juu tupu!" Sunta akatangaza.

Meneja alikimbia, akarudi na mkate. Kapu likatulia palepale.

"Mkate mkavu? Kwenye ubao wako umeandika samaki lampuki wa kuoka. Macho yangu hayapandi ngazi, kwa hiyo hayajachoka!"

Wageni hawakuelewa neno, ila kamba waliielewa. Wakaanza kupiga makofi, wakimtazama meneja. Samaki akaja.

"Huyo wa jana! Nilikuona ukimpokea!"

Akaja mwingine, na limau.

"Sasa nisikilize. Kila siku saa moja asubuhi unaufunga huo mwavuli, nipate mkate wangu na dawa yangu. Ukikosa siku moja, saa tano hakishuki kitu, na hao uwaonyeshe turubai. Umesikia?"

"Nimesikia, bibi."

"Sema kwa sauti, mdogo wangu anapenda mashahidi."

"Saa moja asubuhi, bibi! Kila siku!"

Kapu likapaa, makofi yakilisindikiza. Mgomo alikuwa mdomo wazi. Migomo yote ya chelezoni aliijua kwa tarehe, na hakuna hata mmoja uliomalizika kwa robo saa na samaki juu.

"Sasa tumeshinda sisi, au wameshinda wao?" akauliza Askofu, asijue abariki upande upi.

Sunta alikuwa ameinama tena roshanini, mdomo umejaa.

"Na kesho sungura!"

Meneja akaja benchini akijifuta jasho, tabasamu limemponyoka, na kwa mara ya kwanza akaonekana mtoto wa watu.

"Wazee wangu, sungura sisi hatumpiki. Huyo bibi anampenda vipi?"

Mgomo alinyoosha kidole kwenye mlango wa nyumba ya dada yake, taratibu, kama mtu anayeonja kitu kitamu.

"Ghorofa ya nne. Panda ukamuulize."