Ubatizo wa Alama ya Bia

Joachim wa Likasi hakuwa mwizi, maana mwizi hutoka jasho. Yeye alikuwa na ulimi tu, pamoja na macho yaliyoiona pikipiki ya Mama Hortense, mwenye baa kule Shituru, yakakataa kubanduka.

Baa ilikuwa tupu. Wanywaji wote walikuwa ng'ambo ya barabara, kwa Dodo. Joachim akatoa simu, akamwonyesha mama alama moja ya vijimisumari, mwandiko wa Wababeli walioandika kwenye udongo.

"Mama, hii njo bia! Babeli balikuwa banaandika hivi mbele ya Yesu kuzaliwa. Iko na numero yake mu ma-ordinateur, makompyuta yote ya dunia: U plus 12049. Ukiipakaa ku kibambazi, bantu batakuya."

"Tuma ku telefone yangu." Mama akakodoa macho. "Eh! Minye naona kasanduku tu, tena ka bure."

"Telefone yako haiyabatizwa," Joachim akasema, uso mkavu. "Nipe ile moto, pikipiki yako, na ufunguo yake, alama inakuwa ya weye peke. Dodo hataipata."

Mama alimtazama Dodo akifungua chupa, roho ikamuuma, akatoa ufunguo.

Joachim akaichora alama ukutani kwa mkono wake. Alikuwa keshapanda pikipiki mama alipopaza sauti, mtaa mzima ukasikia: "Mukuye bote! Tunabatiza alama! Parrain njo huyu, papa Joachim!"

Na huko Likasi, ndugu msomaji, parrain, yaani baba wa ubatizo, ndiye anayenywesha watu siku ya ubatizo. Akikimbia, jina lake litaimbwa mpaka sokoni. Joachim akashuka. Tena, aibu iliyoje, alifurahi: hakuna aliyewahi kumwomba awe parrain wa kitu chochote.

Wakaja wa kiwandani, ikaja kwaya, wakaja na wateja wa Dodo, glasi mkononi. Mama akaunyunyizia ukuta maji.

"Parrain, unanywesha?"

"Ananywesha!" kwaya ikajibu kabla yake.

Wakati wa kulipa ulipofika, mfukoni mwa parrain mlikuwa na kitana. Akaurudisha ufunguo. Haukutosha, akavua na viatu.

"Alama yako iko na nguvu, parrain," Mama Hortense akamwambia kwa heshima zote. "Angalia bantu!"

Asubuhi Dodo akabisha hodi kwa Joachim, huko Kakontwe, akisukuma pikipiki mpya kuliko ile.

"Papa Joachim, nitafutie alama ingine. Moto njo hii. Lakini parrain akuwe weye!"

Joachim aliitazama pikipiki ile kwa uchungu wa kweli, kisha akatoroka kupitia dirisha la nyuma.