Nautaka Upawa wa Namnyaki

Jumanne, 3 Agosti 1999

Andika, mjukuu wangu Naisiae, na usinirekebishe. Baridi! Mlima umejifunika tangu juzi. Kuku wangu mwekundu kaacha kutaga, au anataga kwa watu. Hilo nitalishughulikia.

Habari kubwa ni upawa. Sisi akina mama wa Tengeru tuna kikundi, tunapika kwenye harusi na misiba. Mwenye upawa wa nyama ndiye anayegawa. Yeye ndiye anayejua nani apate mnofu, nani apate mfupa na pole. Upawa anao Namnyaki. Miaka yote! Na mimi nilimbeba mgongoni akiwa mtoto, akanikojolea. Leo ananipa shingo. Jumamosi ya wiki ijayo ni harusi kwa mzee Sumari. Ng'ombe wawili! Upawa lazima uwe mkononi mwangu.

Jumatano, 4 Agosti

Siku ya soko. Ndizi zimekwenda, ila miguu inauma. Frederick, mtoto wa mdogo wangu, kaja kutoka mjini. Shikamoo mama mkubwa, marahaba, umekonda. Kasema shirika lao la serikali linauzwa, kila mtu anashikilia kiti chake kwa mikono miwili. Basi yeye anasoma udaktari huku yuko kazini. Siyo wa sindano. Wa kupanga mashirika, nani awe juu ya nani, kazi ipitie wapi. Masomo yake yanataka atafute kikundi cha kweli chenye matatizo, akipange upya, kisha akawaeleze wakubwa wa chuo kilichotokea.

Nikamwambia kikundi ninacho, na kinaumwa. Akauliza kinaumwa wapi. Nikamwambia kichwani.

Ijumaa, 6 Agosti

Frederick kakutana na akina mama. Kauliza kila mmoja anapokea amri kwa nani. Wakacheka mpaka wakashikana. Nkasiogi, yule mkata vitunguu, kasema amri hakuna, sisi tunapigiana kelele tu mpaka chakula kiive. Frederick akaandika maneno hayo kama kaokota dhahabu. Namnyaki naye akamuuliza, mwanangu, huo udaktari ukiisha utaoa, au utawapanga na wachumba kwanza? Wakacheka tena. Mimi sikucheka. Kiongozi hacheki.

Halafu Frederick akawaita mmoja mmoja, faragha. Sijui walisema nini. Nilijibanza nyuma ya magunia ya mahindi, nikapiga chafya.

Jioni nikampa loshoro, mahindi kwa maziwa ya mgando, zito kabisa. Bakuli la pili nikamwambia anipange juu. Akasema, mama mkubwa, mpangilio unatoka kwenye utafiti, hautoki kwenye bakuli. Nikamwongeza la tatu.

Jumapili, 8 Agosti

Nimeshinda!

Baada ya ibada Frederick kabandika karatasi kubwa ukutani. Visanduku na mistari, kama banda la sungura. Ndio muundo mpya. Kisanduku cha juu kabisa, peke yake, hakuna wa kukisogelea: mimi. Mkurugenzi! Frederick kasema akina mama wote, bila kuambiana, wametaka nikae mbali na masufuria. Heshima kubwa namna hiyo! Mimi kila sufuria huwa naipitia, naonja, naongeza chumvi, sichoki. Kumbe walikuwa wananionea huruma.

Nilimtazama Namnyaki apasuke. Hakupasuka. Katabasamu, kasema dada Nashilu anastahili, acheni akae juu apumzike. Nkasiogi akapiga kigelegele. Frederick akaeleza kwamba mkurugenzi anaona mbali, hashiki kazi ndogondogo. Sikuuliza ndogondogo ni zipi. Nilikuwa nawaza gauni.

Alhamisi, 12 Agosti

Gauni liko tayari, la zambarau. Kuku nimemfuata. Anataga kwa Namnyaki, chini ya kitanda! Kila kitu changu kinaishia kwa yule mwanamke.

Jumamosi, 14 Agosti

Nimefika kwa mzee Sumari alfajiri, mkono umeshanyooka kuchukua upawa. Namnyaki karuka. Mkurugenzi! Moshi utakuharibia gauni! Nikasema lete upawa. Akasema ugawaji una kisanduku chake, ni changu, kamuulize mwanao. Nikamtazama Frederick. Frederick akatazama mlima.

Wakaniletea kiti cha plastiki. Wakakiweka mbele kabisa, jirani na spika. Watu bado hawajafika. Mimi na viti vitupu na muziki.

Sasa, wapishi wa huku tuna desturi. Ng'ombe akishachinjwa, ini ni letu. Linachomwa pale pale kwenye makaa, tunakula kwa mikono, tunasengenya, mgeni hajaonja kitu. Harufu ikanifuata mpaka kwenye spika. Nikasikia wanacheka. Frederick yuko huko huko, eti anachunguza, mdomo unang'aa mafuta!

Sahani yangu imekuja mwisho. Namnyaki alisema kiongozi anakula watu wake wakishashiba, ndivyo tulivyofundishwa. Pilau, mchuzi. Hata shingo sikupata. Mfupa.

Wageni wote wanasifu, eti safari hii chumvi imekaa vizuri. Sijui walikuwa na maana gani.

Jumapili, 15 Agosti

Frederick ana furaha, anasema wakubwa wa chuo watapenda matokeo. Matokeo! Mimi masikio bado yanavuma spika.

Mchana kaja Namnyaki. Kanifungulia jani la mgomba, ndani ini. Alinifichia jana. Kuku wangu pia karudisha, na mayai. Kasema bila wewe pale motoni hatuna wa kumtania, rudi umenye ndizi nasi, ila chumvi uiache. Nikala. Machozi yakanilenga, ni ile pilipili. Nikamwambia nitafikiri.

Nimefikiri. Nikamwita Frederick nikamuuliza kama juu ya mkurugenzi kuna kisanduku. Akasema kipo, kinaitwa bodi. Wanafanya nini? Akasema wanakutana mara moja moja, wanaandaliwa chakula, na wanaweza kumwondoa mtu yeyote.

Chakula! Na kumwondoa yeyote!

Unacheka nini, Naisiae? Mpelekee mjomba wako loshoro. Bakuli kubwa.